Nilipakia majamvi ya msikiti kwenye gari la ng'ombe, kijiji kizima kikaja kumzika mtu aliye hai

Wakuu, asalaam aleikum, na msiokuwa wa salamu hiyo, habari za huko mliko.

Leo nimekuja na kisa changu mwenyewe, si cha kuambiwa barazani. Wanaonijua humu wanajua, mie nikisema samaki alikuwa mkubwa kama mlango, toeni mlango mbakize bawaba. Lakini hiki nakitoa kama kilivyokuwa. Nikiongeza chumvi nitaongeza pale kwenye ng'ombe tu.

Naandika kwa kidole kimoja. Shule niliiona kwa nje nikaridhika nayo. Makosa ya herufi mnivumilie.

Haya.

Mie ni mtu wa Chokocho, kusini ya Pemba huku. Kazi yangu gari la ng'ombe. Nabeba mchanga, mawe, kuni, makumbi, na vyombo vya bibi harusi. Ng'ombe wangu anaitwa Mkurugenzi kwa sababu haambiliki. Mwendo wake wa pole mpaka kivuli chake hutangulia kufika, kikamngoja mlangoni.

Sasa kuna nesi mmoja kituoni kwetu, tumwite Nesi Neema. Mtu wa Bara, kanisani Jumapili hakosi, lakini keshakaa nasi muda mpaka anatusema kwa Kipemba na tunanyamaza. Kazi yake ni wale wagonjwa ambao hospitali kubwa wameshaambiwa nendeni nyumbani. Maradhi hayatibiki tena, lakini mtu bado yupo. Anaumwa, ana kiu, ana maneno yake, na nyumbani kuna anayemuuguza ambaye anakwisha kuliko hata mgonjwa.

Siku moja nilimbebea godoro kupeleka kwa mgonjwa. Njiani akanambia, "Kaka Faki, wewe unamjua kila mtu, na kuomba huoni haya. Nisaidie kupanga watu. Utakuwa kodineta wangu."

Nikamuuliza kodineta ndo nani huyo.

Akasema ni mtu anayehakikisha kila mmoja anaijua zamu yake na anafika kwa wakati.

Nikamwambia, "Basi hiyo kazi ipo siku nyingi. Inaitwa kuadhini."

Wakuu, nilitania tu, lakini ndivyo nilivyofanya kweli. Mie kuandika ratiba siwezi, na saa yangu ilikufa maji zamani. Zamu zangu zote nikazipanga kwa adhana. Baada ya alfajiri, mama wa uji. Jua likipanda, wawili wa kumuogesha mgonjwa na kumgeuza asipate vidonda. Baada ya adhuhuri, mtu wa kukaa naye ili anayemuuguza alale. Baada ya alasiri, mtu wa mazungumzo. Magharibi, wa kumsomea.

Hakuna aliyewahi kunambia hakujua saa. Utasema hukusikia adhana, hapa Chokocho, na kipaza sauti kile kinachoamsha hadi kaa mchangani?

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa Bi Mize.

Bi Mize ni mshonaji wa mikeka. Alikuwa, niseme. Mkono wake ulikuwa ukiona ukili uliosukwa vibaya unaufumua wenyewe bila kuomba ruhusa. Kansa ilimuingia tumboni, ikagundulika imeshajenga nyumba. Akarudishwa kwake na chupa ya dawa ya maji ya maumivu.

Anayemuuguza ni mwanawe, Zuwena. Mmoja tu, hana ndugu wa kupokezana naye. Na Zuwena alikuwa halali. Sisemi alilala kidogo, nasema halali. Anakaa kwenye ukuta, kichwa kikianguka anakiinua. Nilipomuuliza akanambia, "Kaka Faki, nikilala ataondoka. Nnajua. Atangoja nilale."



Nesi Neema alikuwa kanifunza kitu kimoja. Kanambia, ukifika kwa mgonjwa wa namna hii usimuulize anaumwa wapi, kashaulizwa hadi kachoka. Muulize anataka nini.

Basi nikamuuliza. "Shangazi, unataka nini?" Si shangazi wa damu, lakini kwetu ndo adabu.

Nilidhani atasema chungwa, au kubadilishiwa shuka. Akasema, "Namtaka Shaame."

Mzee Shaame ni kaka yake wa tumbo moja, toka nitoke. Anakaa Wambaa. Walikuwa hawasemezani mwaka wa tisa.

Sababu ni maziko ya mama yao. Mama alifia hapa kwa Bi Mize, Mzee Shaame yupo Unguja kwenye shughuli zake. Kwetu maiti haiwekwi, mnajua. Bi Mize akaamua wazike. Mzee Shaame akashuka botini jioni, akafika anakuta udongo mbichi na watu wanakula. Akasimama uani mbele ya wote akaapa. "Mize, wallahi sitokanyaga nyumba yako mpaka siku ya maziko yako. Na ya kwako sitochelewa."

Na Mpemba akiapa, wakuu, mtihani. Jiwe linaweza kuoza, kiapo chake kiko palepale.

Nikaenda Wambaa. Mara ya kwanza alinipa kahawa, akanisikiliza, akasema, "Mwambie nnamuombea dua." Mara ya pili hata kahawa sikupewa. Akanambia, "Mwanangu, weye unataka niingie motoni kwa ajili ya zamu zako za alasiri? Nshaapa. Tutaonana siku ile."

Nikarudi. Bi Mize akaniuliza kwa macho tu. Nikasema, "Anakuombea dua, shangazi."

Akasema, "Dua nnazipata. Namtaka mwenyewe."

Sasa shikeni hapo hilo la Mzee Shaame, twende kwenye jambo la wageni, ndo lililonitia kitanzini.

Kwetu kumtazama mgonjwa ni wajibu. Ukipiga chafya leo, kesho una watu uani. Kwa Bi Mize walikuwa wanaingia chumbani ishirini kwa pamoja, mpaka hewa ikitaka kuingia inapiga hodi. Na kila mmoja neno lake. Mmoja, "Lo, Bi Mize, umekwisha." Mwengine kaleta habasoda, eti dawa ya kila kitu. Mwengine anahadithia jirani yake aliyekuwa na maradhi hayahaya, anafika mwisho wa hadithi ndo anakumbuka mwisho wake ulikuwaje, anakohoa. Na Zuwena huyo jikoni anawachemshia chai wote.

Kuwafukuza huwezi. Mtu kaja na thawabu zake, utamfukuza vipi?

Nikapata wazo. Nikajiona nna akili, na hilo lenyewe lingetosha kuwa onyo. Nikasema, tutandike nje uani, kwenye kivuli cha banda. Wageni wakae huko, kahawa wanywe huko, kuingia ndani wawili wawili, dakika chache, watoke. Zuwena apumzike. Mgonjwa apumue. Thawabu zao wapate palepale nje.

Kutandika nini? Majamvi. Majamvi yapo wapi? Msikitini, na sufuria lile kubwa.

Maalim wetu, mwenye ufunguo, alikuwa shamba. Mkewe akanipa ufunguo bila kuniuliza. Nikapakia majamvi yote, sufuria juu, miko miwili, na mabirika. Nikamwambia Mkurugenzi tuondoke, akaondoka alipotaka mwenyewe.

Wakuu, wale wa huku kwetu mshajua nilichofanya. Wa mbali niwaeleze.

Majamvi ya msikiti na lile sufuria hayatoki ila kwa mambo mawili. Harusi au msiba. Harusi hapakuwepo. Na mgonjwa mahututi Chokocho nzima alikuwa mmoja tu.

Na hakuna aliyeniuliza. Ndo ustaarabu wetu huo. Mtu akipita na majamvi humsimamishi njiani, unakwenda zako kujitayarisha. Nikaona wanaume wanasimama nikipita, wanaangalia chini. Kina mama wanajitanda kanga vizuri, wanaingia ndani. Mzee mmoja akainua mikono kuomba dua.

Mie nikasema moyoni, kumbe cheo cha kodineta kina heshima hivi. Nikawa nawapungia mkono.

Nilipungia msiba, wakuu. Nimekaa juu ya majamvi natabasamu.

Ngoja nimpe Mkurugenzi maji, narudi.

Nimerudi.

Nikafika kwa Bi Mize. Kulikuwa kimya. Mmoja wa waliokuja kumuogesha, mama jirani, alikuwa kabaki kukaa naye, na Zuwena, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kalala. Kalala kweli, mdomo wazi, kwenye mkeka chumba cha pili. Nikatandika majamvi yangu kwa kunyata ili nisimuamshe. Nikaweka sufuria kwenye mafiga. Nikasimama nikaangalia kazi yangu, nikaona pamependeza.

Ndo nikasikia kilio.

Kilitokea njia ya chini. Kina mama kundi zima, mbele wanalia, nyuma wanaitikia. Nyuma yao wanaume. Wengine na majembe. Mmoja kabeba begani mbao za mwanandani, zile za kumfunikia maiti kaburini. Wawili wamebeba kitanda cha kuoshea maiti.

Na mie bado sijaelewa. Nikajiuliza, masikini, nani kafa?

Zuwena akatoka ndani, kaamshwa na vilio. Kile alichokuwa anakiogopa siku zote ndicho alichodhani kimemkuta. Kalala, na mama kaondoka. Hakulia. Alikaa chini pale mlangoni kama mtu aliyekatwa miguu, anasema polepole, "Nililala. Nililala mie."

Wakuu, natania mengi lakini sauti ile mpaka leo ikinijia naacha ninachokula.

Halafu ndani, chumbani, tukasikia, "Nani kafa?"

Bi Mize.

Vilio vikakatika kama umezima redio. Uani watu wamejaa, hata kuku hakuparura. Akauliza tena, "Nauliza, nani kafa?"

 Nani atamwambia mtu kuwa ni weye?

Zuwena akaruka akaingia ndani. Tukamsikia sasa ndo analia. Kisha Bi Mize akaita, "Faki. Njoo hapa."

Nikaingia. 

"Majamvi ya nani yale?"

"Ya msikiti, shangazi."

"Najua ya msikiti, nusu yake niliyashona mie. Nauliza umemletea nani?"

Nikamwambia yote. Wageni, hewa, chai, wawili wawili. Nikamwambia nimekosea, na kama ana fimbo karibu mgongo wangu huu hapa.

Akanitazama. Bega likaanza kutikisika. Nikadhani maumivu, nikamwita Zuwena alete dawa. Kumbe anacheka. Anacheka huku kashika tumbo, machozi yanashuka, anasema, "Usinchekeshe mwana weye, nnaumia."

Alipotulia akasema, "Wamekuja wengi?"

"Wengi, shangazi. Na majembe."

"Basi usiwarejeshe. Siku zote hujiuliza nani atakuja na nani hatokuja. Niinueni nione."

Tukamuinua, Zuwena upande mmoja, mie upande wa pili, mpaka dirishani. Uzito wake wa unyoya. Akawa anawatazama mmoja mmoja na kuwasema. "Yule kaja, nilidhani bado kanuna. Yule analia sana, ana nkeka wangu hajaurejesha." Watu uani wanajificha nyuma ya wenzao, wanaona haya kushika majembe.

Kisha akamaliza kuwatazama wote. Akarudia tena mwanzo. Akasema, "Shaame hayupo."

Kicheko kikamtoka usoni. Tukasogeza kitanda dirishani, tukamlaza.

Lakini habari ya kifo, wakuu, haipandi gari la ng'ombe. Kuna mtu alishapiga simu Wambaa tangu nipo njiani napungia watu. Adhuhuri haijaadhiniwa, ikaja bodaboda kwa vumbi. Nyuma kakaa Mzee Shaame, kanzu nyeupe, mfuko kaukumbatia kifuani.

Akashuka, hakumsalimia mtu. Akaniuliza mie niliyekuwa mbele, "Wanamuoshea wapi?"

Nikageuka kumtafuta Zuwena. 

Zuwena ndo akamwambia, kwa upole, "Mjomba, mama yu hai. Watu wamekosea."

Mzee akasimama. Akatazama majamvi, sufuria, majembe. Akatazama miguu yake mwenyewe, ipo katikati ya uwanja alioapa hatoukanyaga. Nikaona anageuka. Wallahi alikuwa anageuka, mkono kashaupeleka kwa bodaboda.

Ndo sauti ikatoka dirishani, ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

"Shaame. Mara hii umewahi, kaka yangu."

Yule mzee alipiga magoti palepale kwenye jamvi. Kanzu yote vumbi. Akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Na sisi wengine, watu tuliokuja kulia, tukapata la kulilia.

Akaingia ndani. Mie nilikuwemo, nimeshika birika lisilokuwa na kitu, sikujua niliweke wapi.

Mzee akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha Bi Mize akaona ule mfuko.

"Umeniletea nini?"

Mzee akauficha nyuma. Ilikuwa sanda, wakuu. Alipopigiwa simu alipita dukani kwanza.

"Nionyeshe."

Akautoa mkono polepole, akampa. Bi Mize akaupeleka mkono ndani ya mfuko, akakipapasa kile kitambaa kwa vidole, kama anavyopapasa ukili. Akasema, "Kizuri. Tangu harusi yangu hujawahi kunipa nguo." Kisha akamwambia Zuwena, "Weka sandukuni, usichanganye na nguo zangine."

Halafu akamwambia kaka yake, "Nilikosea. Ningewaambia wangoje."

Mzee Shaame akainamisha kichwa. "Na mie nilikosea. Boti ya asubuhi ilikuwepo, Mize. Niliikosa kwa kulala. Miaka yote hii nakugombeza weye kwa usingizi wangu."

Sikusikia zaidi, nilitoka na birika langu.

Nje Maalim keshafika kutoka shamba, jembe lake begani, naye kaambiwa kuna kaburi. Mzee Shaame akatoka akamuuliza habari ya kile kiapo. Maalim akasema jambo jepesi mpaka nikataka kukaa chini. Mtu akivunja kiapo ana kafara. Alishe masikini kumi. Basi.

Mzee Shaame akamtazama. "Kumi tu?"

"Kumi."

Miaka tisa, wakuu. Miaka tisa ilikuwa ni wali wa watu kumi.

Na sufuria tayari liko mafigani. Mzee Shaame akatuma mchele dukani papo hapo. Tukaanza kutafuta masikini kumi hapo uani, tukajihesabu, tukajikuta sote tunafaa. Tukala. Wale wa majembe walikula zaidi, nadhani kwa kuona haya. Nesi Neema alifika katikati ya shughuli na chupa ya dawa mkononi, anaona mbao za mwanandani zimeegeshwa ukutani na watu wanakula wali, akaniuliza, "Kaka Faki, nilikwambia upange watu, umepanga nini hiki?" Bi Mize akala vijiko viwili. Vilikuwa vingi kuliko wiki nzima.

Bi Mize alikaa nasi siku kumi na tisa baada ya hapo.

Majamvi hayakurudi msikitini. Maalim alisema yaache. Wageni wakawa wanakaa nje, wawili wawili, kama nilivyotaka, isipokuwa sasa wanaogopa hata kukohoa. Zamu ya alasiri akaichukua Mzee Shaame, kila siku, Wambaa hadi Chokocho. Hakuchelewa hata mara moja. Alikuwa anafika kabla ya muadhini.

Na Zuwena alilala. Kila siku mjomba akishafika analala, kwa sababu alimuahidi kumuamsha.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Mzee Shaame alikuwa anasoma, akaona pumzi zimebadilika. Hakupiga ukelele. Alinyanyuka akaenda chumba cha pili, akamgusa Zuwena begani, akamwambia, "Amka, mwanangu. Mama anaondoka."

Zuwena akawahi. Alimshika mkono, akamtamkisha shahada, akamuona mpaka mwisho.

Sanda ilitoka sandukuni. Majamvi yalikuwa yameshatandikwa.

Nilichojifunza mie nisiyesoma ni kidogo. Mkiwa na mgonjwa, anayemuuguza apate usingizi, na mumuulize mgonjwa anataka nini kabla hamjamletea habasoda. Na kama kwenu kuna majamvi, yatandikeni mtu angali anaweza kuyaona dirishani.

Na weye ambaye una nduguyo huongei naye kwa kiapo, najua umo humu unasoma kimya. Osha mchele.

Wanaouguza humu, hebu niambieni kwenu mnapokezana vipi, maana nna nyumba nyengine mbili sasa na naokota akili popote. Asiyeamini kisa hiki aje Chokocho, nitampakia kwa Mkurugenzi mpaka kwa Zuwena akamuulize mwenyewe. Akipanda leo, Ijumaa atakuwa kafika.